Chipu Ikinyamaza, Mlango Ufanye Nini

Chipu ya kwanza ya ulinzi niliyokabidhiwa maishani mwangu, niliifua. Chekeni, meno bado mnayo. Ilikuwa ndani ya kidude cha kijivu, ukubwa wake kama kiberiti, kimechomekwa nyuma ya kompyuta kwenye tundu la printa. Mimi nikakiona kimejaa lile vumbi letu jekundu la Voi, nikadhani ni kifuniko tu cha kuzuia mende. Nikakichomoa, nikakitia kwenye karai pamoja na vitambaa vya kupangusia, nikakisugua kwa mswaki mkuukuu na sabuni ya unga, kisha nikakianika kwenye kamba nyuma ya duka, kimebanwa kwa kibanio kati ya kanzu ya mwajiri wangu na aproni yangu. Nikarudi nyuma hatua moja kukitazama kinavyong'aa. Nilijisifu kweli.

Siku hiyo kompyuta ilikataa kufungua programu hata moja. Bwana Athman, mwenye duka letu la kompyuta, aliizunguka, akainama, akapapasa.

"Mama Mghoi, kilichokuwa hapa kiko wapi?"

"Kinakauka."

Hakupiga kelele. Watu wa pwani wakikasirika kweli huwa wapole, na upole wao ndio wa kuogopwa. Aliketi juu ya kreti ya soda, akanieleza kama anayemfundisha mtoto wa chuoni alifu. "Kile ndicho bawabu. Programu ikiamka humuuliza, upo? Akijibu, kazi huendelea. Asipojibu, programu haimfungulii mtu. Sasa wewe bawabu umemtosa kwenye karai."

Kilipokauka kilifanya kazi. Nadhani hiyo ndiyo sifa pekee niliyowahi kuipata katika usafi.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaofanya kazi hizi leo, mnaosoma marekebisho ya programu kwenye kioo, mistari mipya kwa kijani na iliyofutwa kwa nyekundu, kama soko la nyanya na mabamia. Miaka ile ya tisini sisi tuliyasoma kwenye karatasi ndefu zenye matundu pembeni, zinazotoka kwenye printa zikilia kama mbuzi wa kuchinjwa. Mimi ni wa kidato cha nne tu, niliajiriwa kama taipisti. Mutua, kijana wa Kikamba aliyekuwa na diploma yake ya Nairobi, ndiye aliyeandika programu. Aliandika kwa kalamu, mimi nikachapa, na kwa kuchapa nikaanza kuona pale alipofungua mabano akasahau kuyafunga. Nikawa namtania: "Mutua, hapa umeacha mlango wazi, ng'ombe watatoka." Bwana Athman akasikia. Tangu siku hiyo akaweka sheria: hakuna rekebisho litakalotoka dukani kwenda kwa mteja mpaka mtu wa pili alisome na kutamka kwamba limepita. Mtu wa pili nikawa mimi. Hakukuwa na wa tatu.

Kazi hiyo ilinifaa kwa sababu moja ambayo si ya heshima sana: ungeweza kuifanya nyumbani. Mimi ni mtu wa nyumbani. Mara mbili walitaka kunipeleka Mombasa kusomea kompyuta, na mara mbili tumbo likaniuma mpaka basi lilipoondoka. Nilizibeba karatasi za Mutua hadi kwangu Mwakingali, nikazitandaza juu ya meza ya jikoni, nikasoma kwa sauti huku pure ya mahindi na maharagwe ikichemka. Kusoma kwa sauti ni ufundi, msiudharau. Jicho huruka, ulimi hauruki. Jirani yangu Mama Chao, tuliyetenganishwa naye na ua wa manyara, alizoea kunisikia nikisema peke yangu, "ikiwa sifuri, rudi juu, ikiwa si sifuri, teremka." Alidhani nimeokoka.

Kuhusu chipu za ulinzi niwaambie jambo moja la kazi kabla sijafika ninakokwenda. Programu ndogo inayozungumza na chipu, ile tuliyoiita draiva, huuliza na hungoja jibu. Vijana wengi huandika majibu mawili: ndiyo na hapana. Majibu ni matatu. La tatu ni kimya, na la tatu ndilo litakalokuamsha usingizini. Kule Miasenyi, kando ya barabara kuu, tulikuwa na mteja ambaye chipu yake ilinyamaza kila alasiri. Mutua akaandika draiva upya, mimi nikaisoma, ikapita, chipu ikanyamaza. Akaandika tena. Tukaitukana ile chipu kwa Kikamba na kwa Kidawida, lugha yetu sisi Wataita. Mwishowe Bwana Athman akaenda mwenyewe, akaketi pale na chupa ya chai ya maziwa, akarudi na habari: jirani wa yule mteja ana karakana, na kila alasiri huanza kuchomelea mageti. Umeme ukipepesa, chipu inazimia. "Nyinyi mlikuwa mkisoma karatasi," akatuambia. "Kosa halikuwa kwenye karatasi." Nikacheka. Nikasema ni kweli. Sikujifunza kitu.

Sasa nije kwenye chumba cha mawe.

Nje ya mji, kuelekea Mwatate, palikuwa na kampuni iliyonunua vito kutoka kwa wachimbaji wa huko chini, yale mawe ya kijani ambayo ukiyainua kwenye jua utadhani umeshika jani la mchicha lenye taa ndani. Mawe hayo yalichambuliwa na wanawake katika chumba kisicho na dirisha. Mlango wa chuma, na juu ya mlango komeo la umeme. Ukutani, ndani na nje, palikuwa na kisanduku cha kupitishia kadi. Msimamizi akipitisha kadi, chipu iliyokuwa kwenye kompyuta ya mlinzi, pale nje, ilithibitisha kwamba kadi ni ya kweli, na komeo likafunguka. Palikuwa pia na ufunguo wa kawaida, wa mkono, lakini mwenye kampuni hakumwamini mtu nao. Alikaa nao, na yeye alikuwa akiishi Mombasa.

Shida ilikuwa hii. Joto la mchana likipanda na umeme ukiyumba, chipu ile ilinyamaza, na haikuzinduka mpaka ipoe. Draiva ya zamani iliuliza bila kuchoka: upo? upo? upo? Kompyuta ikaganda. Mlinzi akaizima na kuiwasha upya, na katika kule kuamka, kabla draiva haijashika usukani, komeo lilijifungua kwa muda wa mtu kupiga chafya. Mwenye kampuni alipoligundua hilo hakulala. Alitupigia simu: chafya hiyo inatosha mwizi kuingia. Rekebisheni.

Mutua akarekebisha, na kazi ilikuwa nzuri, siwezi kumwibia haki yake. Draiva mpya iliuliza mara tatu, ikangoja kwa adabu kati ya swali na swali. Isipojibiwa, ilifunga komeo na kulishikilia limefungwa mpaka chipu yenyewe itakapozungumza. Hata ukizima kompyuta na kuwasha, komeo halikufunguka. Nilisoma jikoni kwangu, kwa sauti, mstari kwa mstari. Kila kilichofunguliwa kilifungwa. Kila hesabu ilianza sifuri. Hata nilimwambia Mutua, kwa utani, kwamba siku hizi anaandika kama mtu aliyeoa. Moyoni lilikuwa limeshapita.

"Umeliona likifanya kazi?" Bwana Athman akaniuliza.

"Nimelisoma."

"Sikukuuliza hilo."

"Bwana Athman, kule ni mbali, na nimeacha nguo kwenye kamba."

"Nguo zitakauka bila wewe kuzitazama. Nenda na Mutua. Kaa ndani ya kile chumba, alitie, ulione likienda, ndipo useme."

Nikaenda nimenuna. Mutua akabaki nje kwenye kompyuta ya mlinzi na disketi zake, mimi nikaingizwa ndani pamoja na wachambuzi. Mmoja wao alikuwa Mama Chao, jirani yangu. Aliponiona alipiga meza kwa kicheko.

"Jamani, Mama Mghoi ametoka nyumbani kwake! Nani amekufa?"

Wakanipa kigoda. Kila mwanamke alikuwa na taa yake, sinia lake jeupe na koleo dogo kama la nyusi. Pangaboi lilizunguka juu bila kutuondolea joto. Mutua akaita kutoka nje kwamba ametia draiva mpya. Msimamizi akapitisha kadi, mlango ukafunguka, akapitisha, ukajifunga. Vizuri. Tukaacha kazi iendelee, nikaanza kuwaza nguo zangu.

Jua lilipofika utosini umeme ukapepesa, mara moja tu, taa zikafumba na kufumbua. Msimamizi akainuka kwenda msalani. Akapitisha kadi. Kimya. Akapitisha tena. Akaifuta kadi kwenye suruali, akapitisha mara ya tatu. Kisha tukasikia komeo likijikaza, sauti ndogo tu, kama mtu anayebana midomo.

"Mutua!" nikaita.

"Nimeona, Mama," akajibu kupitia kwenye chuma, na sauti yake ilikuwa ya furaha. "Imenyamaza, nayo imefunga! Inafanya vile vile nilivyoandika!"

"Sasa fungua."

Pakawa na kimya kingine, na hiki hakikuwa cha chipu. Nilimsikia akibonyeza, nikamsikia akimuuliza mlinzi kitu. Ndipo mimi, niliyesoma kila mstari kwa sauti, nilipouona mstari ambao haukuandikwa. Kadi ilipita kwa chipu. Chipu imelala. Kompyuta ikizimwa, komeo linabaki limefungwa, na hilo ndilo tulilotaka. Ufunguo wa mkono uko Mombasa. Rekebisho lilikuwa limemzuia mwizi aliye nje, ambaye hakuwepo, na limetufungia sisi ndani, ambao tulikuwepo.

"Mama, nairudisha draiva ya zamani," Mutua akasema, na furaha ilikuwa imemtoka. "Lakini lazima nizime swichi kubwa ya chumba kwanza, umeme wa kompyuta usiyumbe disketi zikisomwa. Taa zitazimika."

Zikazimika. Pangaboi likazunguka kwa mazoea, likachoka, likasimama.

Sijui kama mmewahi kukaa kwenye giza lisilo na ufa. Si giza la usiku; usiku una nyota na mbwa. Joto lilitukalia mabegani. Msimamizi akaanza kupiga mlango kwa ngumi, mwanamke mmoja akamwambia kwa ukali aache, anamaliza hewa. Mwingine akaanza kuomba kwa sauti ya chini, akimwita Mlungu kwa Kidawida, jina moja hilo hilo, tena na tena. Nikapapasa nikamgusa mtu mkono. Ulikuwa umelowa jasho, na ulikuwa ukigongagonga sinia kwa koleo.

"Ni mimi, Mama Chao," nikasema.

"Najua ni wewe. Unanukia vitunguu."

Alijaribu kucheka, kicheko kikakatika.

"Mama Mghoi, Baba Chao alikufa hivi."

Nilijua kwamba mumewe alifariki kwenye shimo la mawe, udongo ulimshukia ukamfukia. Kwenye matanga yake nilipika. Lakini Mama Chao hakuwa amewahi kunitajia jambo lile kwa mdomo wake, na mimi, kwa ule woga wangu niliouita adabu, sikuwa nimewahi kumuuliza.

"Waliokuwa juu walimsikia akigonga," akasema. "Waliniambia. Alikuwa akigonga jiwe kwa jiwe. Walikuwa na majembe, lakini walimngoja mwenye shimo aje aseme wachimbe wapi. Mimi kazi ya shimoni niliikataa. Niliwaambia, nitachambua, nitakaa juu ya ardhi, nitakuwa na mlango." Akanikamata mkono. "Huyo kijana anamngoja nani?"

 Nilimwambia kwamba Mutua anajua kazi yake. Lilikuwa jambo la kweli, na wala halikusaidia.

Disketi zile zilikuwa polepole, wala sitawadanganya ni muda gani tulikaa, kwa sababu gizani sikuwa na saa, na hofu haihesabu vizuri. Najua tu kwamba yule aliyekuwa akiomba alinyamaza, na kunyamaza kwake kukanitisha kuliko maombi. Kisha taa zikawaka zote kwa pamoja, kompyuta ikaamka upya, na komeo likafanya lile kosa lake la zamani, ile chafya. Msimamizi akausukuma mlango kwa bega. Tukatoka tukianguka kwenye jua. Yule wa maombi tukamlaza kivulini na kummwagia maji. Mama Chao hakuanguka wala hakulia. Alienda mpaka kwenye ua wa seng'enge, akaushika, akasimama akitazama milima ya Taita kama mtu anayeihesabu kama imebaki yote.

Tulirudi dukani. Mutua ndiye aliyeanza.

"Mama, niambie mstari uliokosea."

"Hakuna."

"Basi unakataa nini?"

"Nakataa lote."

Aliumia, na alikuwa na haki ya kuumia. Aliitupa kalamu. "Walisema wanaogopa wezi. Nimewafungia wezi. Ungetaka nifanyeje, chipu ikinyamaza nimfungulie kila apitaye?"

Bwana Athman alikuwa akisikiliza huku akichuja kahawa. "Mutua," akasema, "ukifika nyumbani kwa mtu wapiga hodi. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Usipojibiwa wafanyaje?"

"Narudi zangu."

"Vyema. Kimya si karibu. Hilo umeliandika, tena umeliandika vizuri kuliko watu wengi waliosoma kuliko wewe. Sasa umeshaingia, umekula, umekunywa, wataka kwenda kwako. Wapiga hodi?"

Mutua akamtazama. "La. Naaga."

"Waaga. Na mwenye nyumba akiwa amesinzia kitini, asikujibu, utakaa kwake mpaka afe?"

Mutua aliiokota kalamu yake. Ukitaka kumjua fundi mtazame saa hiyo, si saa ya kusifiwa. Aliketi pale pale akaigawa draiva yake mara mbili. Upande wa nje, mara tatu na kimya, komeo lifunge lishike. Upande wa ndani, mara tatu na kimya, draiva iliachie komeo na kupiga kengele nje, ili anayetoka atoke na mlinzi ajue. Na mlango wenyewe uwekewe mpini wa mkono kwa ndani, usioiuliza chipu chochote, kwa sababu hata draiva nzuri yaweza kusinzia. Nilisoma. Sikusoma jikoni.

Mwenye kampuni akaja mwenyewe kutoka Mombasa. Hakutaka mpini.

"Mawe haya mtu anayaficha chini ya ulimi," akasema. "Mnataka niwawekee wezi mpini? Nipeni lile rekebisho la kwanza. Nimeambiwa lilifanya kazi."

"Lilifanya," Bwana Athman akasema. "Lakini hapa halitoki mpaka msomaji aseme limepita. Muulize msomaji."

Akageuka akanitazama mimi na aproni yangu. Nilikuwa nimepanga hotuba. Nilikuwa na hodi, na kuaga, na chafya. Kilichonitoka ni neno moja, tena kwa sauti ya mwanambuzi: "Halijapita."

Akaondoka, akasema atapata watu Mombasa wasio na maneno. Labda angewapata. Lakini kesho yake asubuhi wanawake wa chumba kile walifika kazini na jiwe, si la kijani, jiwe la kawaida la kujengea, wakalibingirisha mpaka kizingitini na mlango haukuweza kufungika. Wakaketi kuchambua. Mlinzi akaliondoa, wakatoka wote wakakaa nje kwenye vumbi. Akalirudisha, wakaingia. Hawakupiga kelele wala kuimba. Mwenye kampuni alivumilia jiwe lile kwa siku kadhaa, kisha akatuma neno dukani kwamba fundi wa mpini aje, na Mutua aje na disketi yake ya pili.

Jioni ile mpini ulipofungwa nilivuka kwenda kwa Mama Chao. Alikuwa ameketi mlangoni akichambua mchicha. Nikaketi, nikaanza kuchambua naye, na pole pole, kwa njia ya kuzunguka, nikamsimulia jinsi mwenye kampuni alivyosimama mbele yangu, mtu mzito vile, na jinsi nilivyolikataa rekebisho lile kwa mdomo wangu mwenyewe. Huenda nilirefusha kidogo. Nilingoja aseme asante.

Mama Chao alikung'uta majani, akayatazama kama yana wadudu, kisha akanitazama mimi.

"Ulikataa kwa sababu ulifungiwa na sisi. Ungebaki jikoni kwako, ungesema limepita."